Kioo Chenye Kuzuia Mukono

Amani ikae na ninyi bote, ba mama na ba papa wa jumuiya yetu. Balisema kila muntu atoe ushuhuda yake kwa kifupi. Kifupi miye sijue, munajua bote, basi munivumilie.

Kazi yangu ni kutengeneza ndani ya mabiro, ni kusema maofisi. Napangaka meza, ukuta, rangi na taa, ili muntu akiingia ajue hii kampuni iko ya bantu gani. Kwetu ku Kenya, ile mutaa yetu, hapana inchi, balikuwa banasema nina mukono ya Mungu. Kichwa ikanivimba!

Patron mumoja, mwenye kampuni ya samaki ya kukauka, muntu wa Pweto, alinipa biro yake mupya. Akaniambia: "Mama, kuya kwanza uone vile tunaishi hapa." Nikajibu: "Papa, kazi najua." Sikuenda hata siku moja. Nilibakia mu atelie, chumba yangu ya kazi, nikachora biro kama banki: sakafu nyeupe pe, meza ya kupokea bageni iko juu, na kioo mbele yake kufika karibu na dari. Ilikuwa muzuri, sidanganye.

Bandugu zangu, kumbe ile kampuni iko na desturi. Asubui, hakuna mwenye kugusa kazi mbele ya kupeana mukono na bote, kutoka santineli mwenye kulinda mulango mpaka patron. Siku ya kufungua, muzee wa depo, ile gala ya samaki, aliingia wa kwanza, akanyoosha mukono kwa sekretere nyuma ya meza. Po! Bidole juu ya kioo. Akajaribu upande ingine, kioo tena. Akaweka mukono mu mufuko, akaenda zake. Ba mama benye kuuzisha samaki balisimama ku mulango, banaogopa kuchafua ile weupe. Kisha wiki mbili salamu ilikufa kabisa. Bantu balianza kupita nyuma, kila mumoja na uso yake, na makelele ikaanza: huyu ananizarau, huyu alinisema.

Patron akaniita. Hakukasirika, na ile njo iliniumiza zaidi. "Mama, ulifanya bantu yangu bageni mu nyumba yabo. Nitatafuta muntu ingine avunje yote." Habari ikazunguka Kenya yote. Haya ilinishika mpaka nikafunga atelie. Nililia, bandugu, nikasema kazi iliisha.

Mama mumoja wa hii jumuiya akanikuta nyumbani. Nilifikiri anakuya kunifariji. Eh! Aliniuliza kintu moja tu: "Mbele ya kuchora, ulisalimia nani kule?" Hakuna hata mumoja. Hata santineli sikumusalimia.

Kesho yake nikaenda kwa patron. "Papa, makosa iko yangu. Usinipe kazi. Nipe kiti tu, wiki moja." Akakubali.

Kila asubui nilisalimia bote, nikaikala, nikasikiliza. Muzee wa depo njo alinifungua macho: "Hapa mukono haina ya bure, mwanangu. Njo tunajuaka nani ana mugonjwa nyumbani, nani hakulala. Kisha tunagawa kazi." Bwana asifiwe! Roho ya kampuni yote iko mu ile mukono, na miye niliweka kioo katikati!

Wiki ilipoisha, patron akanirudishia kazi, tukavunja ile kioo. Nikaweka meza ya chini, ya mbao, na mabenchi kuzunguka ukuta. Sakafu nikafanya ya simenti nyekundu yenye kung'aa, mama wa samaki akanyage bila woga. Muntu anatoka ku mulango anazunguka biro yote, mukono kwa mukono, hakuna kizuizi. Siku ya kufungua mara ya pili, ule muzee alisalimia bote, akafika kwangu, akanishika mukono, hakuniachilia. "Sasa ulifanya kazi!" Ba mama bakapiga bigelegele, na miye nikacheka na machozi. Leo atelie iko wazi. Niko natengeneza biro ingine njia ya Luano, na wiki ya kwanza sikubeba hata kalamu.

Aksanti kwa Mungu. Aksanti kwa patron, alinipa kiti mbele ya kunipa kazi. Aksanti kwa ule muzee. Bandugu, naambia ninyi: ukiitwa kutengeneza nyumba ya bantu, ikala nabo kwanza. Kuuliza haina haya.

Na ule mama mwenye kuniuliza, jina siseme. Lakini muangalie kule nyuma, yule mwenye kujificha uso na kitambaa. Mama, usinikasirikie. Wengine balinihurumia, weye ulinirudishia kazi yangu. Simama, bakuone!