Bi Futi, Mthamini Aliyempima Wifi Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha kodi ya majengo cha halmashauri yetu ya mji, mthamini wetu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko, kwa anayelihitaji. Sisi wengine, pamoja na kila mkazi mwenye ukuta na paa, tunamjua kama Bi Futi, kwa sababu ya ule utepe mrefu wa kupimia anaoutundika begani kama wenzake wanavyotundika mkoba. Jina hilo limemkaa hivi kwamba ukimwita kwa jina lake la kweli hageuki.

Aliingia hapa kama karani wa dirisha la malipo, kazi aliyoifanya vizuri bila kuipenda. Kilichomkera ni kusikia kutwa nzima watu wakilalamika kuhusu nyumba ambazo yeye hajaziona. Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, alimfuata fundi seremala mmoja hadi kwake, akakuta kwamba ile nyumba iliyoandikwa kuwa ya ghorofa ni ya chini tu, na ghorofa yenyewe ni tangi la maji. Alirudi amechelewa, akakaripiwa, kisha akahamishiwa uthamini. Mkuu wa wakati huo alisema ni afadhali alipwe kwa kutembea, maana kukaa kumemshinda.

Ametembea kweli. Hakuna uchochoro wa mji huu asioujua, wala mbwa asiyemjua. Amekuta mengi. Kuna bwana mmoja aliyesikia mthamini yuko mtaa wa pili, akatoa makochi yote nje na kuyaficha kwa jirani ili nyumba ionekane ya mtu wa hali ya chini, asijue kwamba kodi haiangalii makochi. Jirani naye akapata mgeni wa ghafla, ikabidi mgeni apangiwe foleni ya viti. Kuna mama aliyeapa kwamba vyumba viwili vya uani si vyumba bali ni fikra tu, bado hajaamua. Hata nje ya kazi hali ilikuwa hiyohiyo. Mwenzetu mmoja alipojifungua, Bi Futi alikwenda kumtazama mtoto, akainua macho juu kidogo kutafuta mahali pa kupigia chafya, na mwenye nyumba akaanza kujitetea kwamba dari ni la zamani.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Akimaliza kupima haondoki. Anaomba mahali pa kukaa, anachora nyumba kwa chaki sakafuni, na anamweleza mwenyewe kila chumba kimehesabiwaje. Watu wakabishana naye juu ya mchoro, wakafuta, wakachora upya, chai ikaja, mabishano yakaendelea. Kodi hawakuipenda, nani anaipenda, lakini walijua imetoka wapi. Alipoongoza uthamini mpya wa mji mzima, zoezi ambalo miji mingine hulifanya kwa ulinzi, kilivunjika kioo kimoja tu cha gari la halmashauri, na hicho kilivunjwa na mpira.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kila mtu anajua nitalifikia. Wahusika wenyewe wameniruhusu, kwa hiyo msinikate jicho.

Miaka saba iliyopita halmashauri ilitoa ruzuku kwa kituo cha kulelea watoto kilicho nyuma ya soko. Mwenye kituo ni muuguzi mstaafu, na akina mama wanaouza sokoni humwachia watoto wao asubuhi na kuwachukua jioni. Paa lilikuwa linavuja mpaka watoto walijua wenyewe wasilale upande upi. Kwa ruzuku ile likaezekwa upya, sakafu ikatiwa saruji, vikajengwa vyoo vya kimo cha watoto. Tulikwenda wote kwenye uzinduzi, tukapiga makofi, mkurugenzi akakata utepe, mtoto mmoja akautia mdomoni.

Sheria yetu ndogo ya wakati huo ilisema jengo lolote lililokarabatiwa lazima lithaminiwe upya. Meza ya ruzuku na meza ya kodi ya majengo zimepakana, zinatumia stepla moja. Bwana wa ruzuku alipomaliza kuandika kwamba ukarabati umekamilika, aligeuza kiti tu na kumkabidhi Bi Futi taarifa, kama alivyotakiwa. Hivyo halmashauri iliyotoa fedha za paa ikajiandaa kumtoza kodi mwenye paa kwa sababu ana paa zuri. Kwa hesabu ya haraka, ruzuku yote ingerudi kwetu kabla bati halijapauka.

Na huyo muuguzi ni wifi yake Bi Futi, dada wa toka nitoke wa mume wake. Ndiye aliyewalea watoto wa Bi Futi wakati mama yao anapima nyumba za watu.

Bi Futi alimwandikia mkurugenzi kueleza undugu huo na kuomba mthamini mwingine. Akajibiwa kwamba mji una mthamini mmoja, naye ni yeye. Hapo ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja akamwambia aandike ni banda. Mwingine akamwambia apunguze futi mbili tatu kila upande, nani atakwenda kuhakikisha. Mume wake, fundi saa asiyependa makuu, alimwambia kwa upole, "Huyo ni dada yangu, bibi."

"Najua," akamjibu. "Ndiyo maana siwezi kupunguza."

Akaenda, akapima, akaandika alichokiona. Kodi ikapanda zaidi ya mara mbili.

Wifi alikuja ofisini na ankara mkononi. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza, akasema, "Umenipima kama mtu baki," akaongeza kwamba mwisho wa mwezi atafunga kituo, maana ada za akina mama zingeishia kwenye kodi na hakuna ambacho kingebaki cha kuwalisha watoto. Kisha akaondoka. Bi Futi aliendelea kuitazama ile nafasi aliyosimama, na siku hiyo hakuna aliyemtania.

Ninachompendea ni kwamba hakukaa akijihurumia. Ankara hakuigusa, ilikuwa halali. Aliikamata sheria yenyewe. Aliandika pendekezo kwa kamati ya fedha kwamba jengo lililokarabatiwa kwa ruzuku ya halmashauri libaki na thamani yake ya awali maadamu linafanya kazi iliyoombewa ruzuku hiyo, liwe kituo cha watoto, karakana ya vijana au ukumbi wa kusubiria wagonjwa. Chini yake akaandika kwamba mmoja wa watakaonufaika ni wifi yake, na akaomba atolewe nje ya kikao wakati wa kujadili.

Mwenyekiti wa kamati ya fedha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alilipinga, na tusimlaumu, hoja yake ilikuwa na miguu. Alisema ukiipitisha leo, kesho kila mwenye nyumba ataweka watoto wawili kibarazani na kuita kituo. Halafu akauliza, kwa sauti ya kutosha kusikika korido nzima, kama kweli mtu anaweza kumpima wifi yake bila kumbeba. Wakavutana mpaka kikao kikavunjika. Wakakubaliana jambo moja tu: kwamba kesho yake waende wakapime wenyewe.

Mimi ndiye huandika mihtasari ya vikao vya halmashauri hii, na nimehudhuria vikao vya kila aina. Kile ndicho nitakachokikumbuka nikizeeka. Tulifika mchana, watoto wamelala. Wifi alitupokea mlangoni na kidole mdomoni. Bi Futi alimkabidhi mwenyekiti utepe wake, akarudi kukaa getini na dereva, kwa sababu aliomba kutolewa na alimaanisha. Waheshimiwa wakavua viatu. Watu waliozoea kupigiana meza wakaanza kupita kwa ncha za vidole kati ya mikeka, mmoja ameshika mwanzo wa utepe, mwingine mwisho, wakitajiana vipimo kwa kunong'ona.

Katikati ya chumba kikubwa mtoto mmoja alijigeuza usingizini, akaukumbatia mguu wa mwenyekiti, akaulalia. Mwenyekiti akabaki hapo. Alijaribu kuuvuta mguu, mtoto akaguna, wifi akamtazama, akaacha. Ikabidi mjadala ufanyikie pale aliposimama, madiwani wote wamemzunguka, hakuna anayeweza kupandisha sauti. Nimegundua kwamba hoja nyingi zikinong'onwa huisha mapema. Vipimo vilitoka vilevile vya Bi Futi, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Akaongeza masharti mawili: majengo ya namna hii yakaguliwe kila mwaka na mtu asiye na undugu na mwenye jengo, akiazimwa kutoka mji wa jirani ikibidi, na uamuzi usirudi nyuma, yaani kodi ya mwaka ule ilipwe kama ilivyoandikwa. Mikono ikanyooshwa kimyakimya. Muhtasari wa kikao hicho ni mfupi kuliko yote niliyowahi kuandika, kwa kuwa nusu yake sikuisikia.

Kituo hakikufungwa. Leo majengo tisa ya mji huu yanalindwa na kifungu hicho, na miji miwili imekuja kukinakili. Hilo ndilo jambo kubwa alilotuachia Bi Futi, na tunajivunia.

Lakini wifi alilipa kodi ya mwaka ule yote, na hakusema na wifi yake tena. Salamu zilipitia kwa fundi saa, ambaye alikula mchana kwa dada na usiku kwa mke, na kila upande akabebeshwa za kupeleka. Bi Futi, ambaye hakuna jengo mjini asilowahi kuingia, hakukanyaga kituo kile tena. Ukaguzi ulifanywa na wengine. Akipita njia ya soko alipunguza mwendo, akisikia watoto wanaimba, halafu akaenda zake. Nilimuuliza mara moja kama anajuta. Alisema kupima hajuti, ila anamkosa wifi yake, na kwamba hayo ni mambo mawili na yote anayo.

Hadi hapo Bi Futi amesoma rasimu hii, akasahihisha hesabu ya majengo, akairuhusu. Kinachofuata hajakisoma.

Wiki iliyopita nilikwenda kituoni kuomba neno la ndugu kwa ajili ya kijitabu hiki cha ratiba ya kumuaga. Nilikwenda roho mkononi. Wifi alikuwa anaosha vikombe vya watoto, akanipa kitambaa nikaushe, ndipo akasema. Haya ni maneno yake, na ameniambia niyaandike kama yalivyo:

"Mwaka wa kwanza nilinuna kwa hasira. Wa pili kwa mazoea. Baada ya hapo nikawa sijui namna ya kuacha. Mwaka jana, kwenye mkutano wa wakazi, mtu mmoja mgeni alisimama akauliza, hiki kituo kisicholipa kama wengine kinabebwa na nani huko halmashauri. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Watu walimcheka. Wakamwambia, bwana wee, huyu mama alitozwa na wifi yake mwenyewe mpaka senti ya mwisho, kaa chini. Akakaa. Nilirudi nyumbani nikalia, nikasema, kumbe yule aliniwekea ukuta ambao hakuna wa kuubomoa, na mimi nimemnunia miaka yote hii. Nilitaka kwenda kwake siku hiyohiyo. Nikaona haya. Andika kwamba niliona haya."

Nimeandika.

Kisha akaniuliza mstaafu atakuwa anafanya nini kuanzia mwezi ujao. Nikamwambia kwa ninavyojua hana mpango wowote, na kwamba mume wake anaogopa atapima nyumba yao kila siku. Akacheka, akafuta mikono, akasema magoti yake hayawezi tena zamu ya asubuhi, watoto wanapofika wote kwa pamoja na kila mmoja anataka kubebwa. Hataki kumkabidhi zamu hiyo mtu asiyemwamini.

Kwa hiyo, Bi Futi, unaposoma hapa, inua macho. Yuko ukumbini, safu ya pili, karibu na kaka yake.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, madiwani, na wakazi waliokuficha makochi, tunakushukuru kwa miaka yako, kwa miguu yako na kwa chaki yako. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na siku nyingi zenye furaha pamoja na watu wako. Zamu inaanza saa moja kamili asubuhi, Jumatatu. Wifi yako amesema usichelewe.