Mkanda Wangu Uliotundikwa Ukutani

Bwana asifiwe, watu wa Kawangware. Asifiwe na watakaonipigia makofi nikimaliza, na asifiwe pia na watakaokunja mikono. Mimi ni Zablon, fundi wa vitanda kule Lindi, Kibera. Mnanijua. Mimbari hii ninayoishika niliitengeneza mimi, na ile misumari iliyo ukutani nyuma yangu niliipigilia mimi. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nikizidi mtanivumilia.

Ndugu zangu, tulipoingia miaka hii ya tisini nilikuwa nabeba kitanda kizima kichwani kutoka Lindi mpaka Olympic, nashusha, napiga stori na mwenye nyumba, narudi zangu. Halafu mgongo ukaanza. Mwanzo nilisema ni kazi ya randa, maana fundi gani wa mbao haumwi mgongo? Mke wangu Rispa, huyu hapa, akanikanda na maji moto, nikaendelea. Lakini haya hayakuwa maumivu ya kazi. Nikikohoa naona nyota. Nikivaa kiatu natoa machozi, mwanamume mzima. Rispa ndiye aliyeona kitu ambacho mimi sikutaka kukiona. Suruali zangu zilikuwa zinaburuzika chini. Nilikuwa nimefupika.

Hospitali walinipiga picha, wakanitoa damu, wakanidunga sindano kwenye nyonga kuvuta uboho. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniambia nina kansa ya uboho inayoitwa myeloma. Inakula mifupa kutoka ndani, na mfupa mmoja wa mgongo wangu ulikuwa umeshaporomoka. Akanipa vidonge. Akanipa pia mkanda mpana wenye vyuma viwili wa kuushikilia mgongo, na kunikataza kuinua kitu kizito. Nikauvaa chini ya shati, na maumivu yakapungua kweli.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na sikukosea peke yangu.

Mnakumbuka ule mkutano wa maombezi wa mhubiri mgeni. Desturi yetu tunaijua: ukishaombewa, unaonyesha. Mwenye mkongojo anautupa, mwenye mgongo mbovu anainama na kuinua kitu, na kilichotupwa kinatundikwa ukutani kiwe ushahidi. Mama Atieno, aliyeketi pale mbele, alitupa mkongojo wake. Zamu yangu ikafika, nikavua mkanda. Mhubiri akasema niinue mimbari. Mimi mimbari hii naijua, ni mvule mtupu, na siku nilipoileta tuliibeba watu watatu. Mkaanza kuimba. Nikainama, nikaiinua.

Ndugu zangu, nilisikia mgongo ukilia ndani kama ubao mkavu. Maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno. Na nikafanya nini? Nikainua mkono nikasema nimepona. Nilisema hivyo kwa sababu mlikuwa mnangoja. Kina mama wamesimama, ngoma zinapigwa, na mimi fundi wa kanisa niwaangushe vipi? Ushuhuda ule ulikuwa uongo. Nilidanganya nikiwa nimesimama hapa hapa, nanyi mkaupeleka uongo wangu mpaka Riruta.

Nikakaa wiki mbili bila mkanda na bila vidonge, kwa sababu tulisema aliyepona hanywi dawa. Rispa akiniuliza, namfokea. Asubuhi moja nikataka kushuka kitandani, miguu ikakataa. Nikaigusa, nikahisi ninagusa miguu ya mtu mwingine. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kuliko siku niliyoambiwa nina kansa.

Rispa hakupiga nduru. Alikwenda kwa mwenye nyumba wetu, Mzee Ramadhani, Mnubi, Mwislamu wa swala tano. Yule mzee na wanawe waling'oa mlango wa chumba kilichokuwa wazi, wakanilaza juu yake nikiwa nimenyooka, wakauweka kwenye mkokoteni na kunisukuma mpaka barabara ya Olympic, mahali gari linapofika. Mlango wenyewe nilikuwa nimeutengeneza mimi. Wapo walionong'ona baadaye kwamba mtu wa Mungu hapaswi kubebwa hivyo na watu wa dini nyingine. Nawajibu leo: ninyi mlikuwa wapi?

Nikamkuta daktari yule yule. Akanishika vidole vya miguu, akauliza kama nasikia. Nikasema kidogo. Hakunigombeza kwa ajili ya mkanda. Alivuta kiti akanieleza, na mimi nawaeleza vile vile, maana humu ndani wapo wanaohitaji kujua.

Alisema naweza kulala chali na mkanda, nichomwe miale, yaani mionzi ya kuua kansa, kwenye mfupa ule. Miale hupunguza ugonjwa na maumivu, lakini mfupa ulikuwa umeshabana mishipa ya fahamu, na miguu yangu haikuwa na muda wa kungoja. Alisema anaweza kufungua mgongo kwa nyuma na kutoa mfupa kidogo ili mishipa ipate nafasi. Hiyo inasaidia, ila nguzo ya mfupa iliyoporomoka kwa mbele inabaki vile vile, na mgongo unaweza kuinama zaidi. Au afungue, na pia aweke vyuma viwili virefu, avifunge kwa skrubu kwenye mifupa mizima ya juu na ya chini. Huo ndio upasuaji mkubwa. Damu nyingi, kidonda kinaweza kuoza, na kwa mifupa laini kama yangu, skrubu zinaweza kulegea. Alisema pia huko Ulaya kuna madaktari walioanza kujaza saruji ya mifupa kwa sindano. Hapa kwetu haikuwepo, na hata ingekuwepo, isingemfaa mtu ambaye mishipa yake tayari imebanwa.

Nikamuuliza kama nitapona. Akaniangalia usoni.

"Zablon, kansa itabaki, tutapigana nayo kwa dawa. Mimi nataka kukusimamisha."

Siku hiyo hiyo wazee wa kanisa walifika wodini, Mzee Habil akiwa mbele. Yuko hapa, namheshimu, lakini nitasema. Waliniambia nikikubali vyuma nitakuwa nimemrudishia Mungu uponyaji wake. Wakasema watu wameokoka kwa ushuhuda wangu, na sasa watarudi nyuma. Nikawasikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza Mzee Habil swali moja tu.

"Mzee, boriti ya nyumba yako ikivunjika, unaita fundi au unaita kwaya?"

Akaondoka na machungwa aliyokuwa ameniletea.

Nikaweka sahihi karatasi ya ule upasuaji mkubwa wa vyuma kwa mkono wangu mwenyewe. Walipokuwa wananisukuma kwenda chumba cha upasuaji niliomba, na maombi yangu yalikuwa mafupi. Nilisema: Baba, nilikudanganyia watu, nisamehe, na uishike mikono ya huyu mama. Nilipoamka, mgongo ulikuwa moto mtupu. Siku ya tatu Rispa alikuwa amekaa miguuni pangu akaona kidole gumba kinacheza. Alikishika akakataa kukiachilia mpaka sista wa wodi akamwondoa. Baada ya wiki nyingi nikasimama, kwanza kwa kushikwa, kisha kwa fremu ya kutembelea. Nikachomwa miale. Vidonge bado nameza, na leo nimekuja hapa kwa miguu yangu.

Kwa hiyo sitaruka ruka, ndugu zangu, wala sitainua kitu. Sijapona kansa. Inaweza kunirudia kwa nguvu, na ikirudi nitarudi kwa yule mama daktari mchana kweupe bila kujificha. Lakini ibilisi alitaka nitambae, na sitambai! Mungu aliyenipa mimi mikono ya kutengeneza vitanda ndiye aliyempa yeye mikono ya kunyoosha mgongo. Vyuma vilivyo ndani yangu ni vya Mungu. Mwaminini, yeye haogopi spana wala skrubu.

Na sasa naomba mniwie radhi, nageuka ukutani. Huu hapa msumari wa kwanza, na huu ni mkanda wangu. Mmeuonyesha wageni vya kutosha, na mgongo wangu bado unauhitaji. Rispa, njoo unifunge. Juu ya shati, mama, waone wote. Kaza kidogo. Hapo.

Wewe uliyevua chako siku ile na sasa unaumia kimya kimya kwa sababu uliimbiwa, Mungu hakuonei haya. Mama Atieno, nimekuona unavyoshika benchi kila ukisimama. Mkongojo wako uko kwenye msumari wa pili. Mimi sikatazwi kushusha kitu chepesi. Huu hapa, nimeushika. Njoo uuchukue.