Mhuri wa Jumatatu

Fungeni hilo dirisha, wanangu, honi za barabarani zisininyang'anye maneno, kisha mkae wote watatu mahali ninapowaona. Kifungua mimba, shika kalamu. Barua mmeshaisoma mara tatu, na kitinda mimba kaicheza mpaka kapindua stuli, nami nimecheka hadi kifua kikanikumbusha kwamba siku zangu zimekwisha. Miaka tisa tumeisubiri! Tume imemaliza kazi yake: Mwenyekiti wa baraza ana kesi ya kujibu, baba yenu hana, na nyumba hii waliyoizuia wakidhani nimeijenga kwa rushwa imerudi mikononi mwetu. Sikujua kama mtu anaweza kuwa kitandani anakufa na bado akaona raha namna hii.

Lakini barua haikusema yote. Mficha uchi hazai, na mimi wangu nimeuficha miaka tisa.

Mnajua nilikuwa karani wa masijala pale kwenye baraza, na mhuri wa tarehe ulikuwa mkononi mwangu. Sheria ni kuuzungusha kila asubuhi, usome siku ya leo. Mimi nilikuwa mvivu, sikupenda kuanza wiki na wino vidoleni, basi Ijumaa jioni kabla sijafunga mlango nilikuwa nauzungusha moja kwa moja mpaka Jumatatu. Aliyejua ni mfagizi peke yake, yule mama wa ndoo mbili, na alikuwa akinitania: "Mzee, unaiharakisha dunia iende wapi?"

Sasa Jumamosi moja Mwenyekiti akaingia kwa funguo zake, akatia saini karatasi ya kumpa shemeji yake kiwanja cha soko, akagonga mhuri bila kuutazama, na Jumapili akapanda ndege. Karatasi ikabeba tarehe ya Jumatatu. Mambo yalipofumuka akasema, Jumatatu sikuwamo nchini, karani ndiye aliyeghushi saini yangu. Wachunguzi wakaniuliza habari za mhuri, na mimi, kwa kuogopa kufukuzwa kazi kwa uvivu, nikaapa kwamba nauzungusha kila asubuhi na sijakosa hata siku moja. Kamba nilijifunga mwenyewe, wanangu, tena nikakaza fundo.

Mfagizi akaenda kwa miguu yake kueleza ukweli, maana alikuwa akifagia Jumamosi ile na alimwona Mwenyekiti kwa macho yake. Nami, maana kumkubali ni kukiri kwamba niliapa uongo, nikamwita mwongo mbele ya tume. Nikawaambia ninyi kwamba amehongwa aniangamize. Akapoteza kazi, akapoteza na chumba alichopanga. Marehemu mama yenu aliacha kumsalimu, na wewe, binti yangu, ulimfungia mlango siku alipokuja kutupa pole ya msiba wa mama yako. Ulinitii mimi, lawama ni yangu.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa na kona nyingi! Mwaka huu tu, mchunguzi mpya, mama mmoja asiyecheka ovyo, alifungua majalada ya zamani akakuta barua ambazo daftari la tarishi linaonyesha zililetwa dakika za mwisho za Ijumaa, zote zimegongwa Jumatatu. Akanipangia mezani moja moja. Nikasema, "Mfagizi alisema kweli." Maneno matatu tu, na mzigo wa miaka tisa ukanitoka mabegani. Siku ile nililala mchana kutwa, mkadhani naumwa.

Haya, andika. Kifungua mimba, vyumba vya mbele ni vyako; posa yako ilirudishwa mara mbili kwa sababu yangu, nenda sasa kapose kichwa kikiwa juu. Binti yangu, vyumba vya kati na cherehani ya mama yako. Kitinda mimba, sebule na redio yangu, ukome kuazima ya jirani. Chumba cha uani, kile chenye mlango wake wa nje, ni cha mfagizi maisha yake yote, na asiwepo wa kumhoji. Nendeni kwake wote watatu, msipige simu. Mwambieni, baba yetu alidanganya. Semeni hivyo hivyo, msilipake asali. Akiwatukana, inamisheni vichwa. Akicheka, chekeni naye, maana ana kicheko kizuri yule mama.

Nipeni maji... inatosha. Wanangu, kosa dogo likirini lingali dogo. Mimi langu lilikuwa la wino wa vidoleni, tazameni limekula watu wangapi. Mungu awaweke pamoja... awape usingizi kama huu ninaousikia unakuja... Radhi yangu mnayo, yote, sikubakiza.

Umemaliza kuandika, kifungua mimba? Nisomee tarehe.

Jumatatu? Eti ndiyo siku wakili anafungua ofisi? Hapana, mwanangu... futa. Leo ni Ijumaa. Andika Ijumaa... uiache hapo hapo.