Jirani Asijue

Mzee aliyempandishia Bibi Verla mzigo kwenye basi la Montana alikataa kumtajia jina lake. Sasa alikuwa akimnong'oneza abiria wa kando yake. "Chukua bunduki ya kuwindia kulungu. Kila nyumba inayo, haitakutangaza. Serikali ikianguka, jirani asijue hata kama una maharage."

"Kulungu harudishi risasi, mzee wangu," yule abiria akacheka. "Mimi nataka ya kijeshi. Kwani wewe unakaa wapi?"

"Huko mbele."

"Mbele ipi?"

"Mbele ya hapa tulipo."

Bibi Verla akamwonea huruma.

Basi likasimama. Dereva, mwema kama kawaida yake, akageuka. "Mzee Delmar! Theluji ni nyingi, nimekufikisha mpaka langoni kwako."

"Si mimi huyo," mzee akasema, wala hakuinuka.