Mwalimu Jairus Wayu Hiribae (1938–1998) na Neno Lililokwenda Bangale

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Priscilla, mtoto wa pili wa marehemu. Nimepewa kazi hii kwa sababu kaka yangu Martin machozi yake yako karibu. Marehemu Mwalimu Jairus Wayu Hiribae alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Ngao, mtoto wa nne wa wakulima wa ukingo wa mto. Alibatizwa mwaka huo huo, na bibi yetu alipenda kusimulia kwamba siku hiyo alilia mpaka akamshinda mchungaji sauti.

Alisoma shule ya misheni hapa Ngao, kisha akaenda Mombasa kusomea ualimu, akahitimu mwaka 1960. Alirudi na viatu vya ngozi na Kiingereza ambacho wazee walimwomba akipunguze.

Alifundisha shule nne, lakini kuanzia 1971 hadi alipostaafu 1993 alikuwa katika shule moja ya msingi karibu na Garsen. Huko ndiko alikopata kitabu cha Kiingereza juu ya maisha ya mwanasayansi mashuhuri, mwanamke aliyefanya majaribio yake ndani ya banda bovu. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa. Watoto walimpenda yule mama mara moja, maana hata darasa lao lilivuja. Kitabu kilikuwa kimoja na maneno magumu arobaini, hivyo Mwalimu akamgawia kila mwanafunzi neno moja liwe lake. Msomaji akifika kwenye neno gumu alinyamaza. Mwenye neno aliinuka, akalieleza, ndipo kusoma kukaendelea. Siku ya kufunga mwaka, kila mmoja alimrithisha neno lake mdogo wa darasa la nyuma, kwa kumnong'oneza sikioni. Mwalimu hakumnyang'anya mtu neno, wala hakulieleza kwa niaba yake.

Mwaka 1984 neno la ukurasa wa mwisho lilikuwa la Hawa Dukicha, binti wa wafugaji wa Kiorma. Wenzake walikuwa na "laboratory" na "discovery". Yeye alirithi "nevertheless", yaani "hata hivyo", akanuna wiki nzima kwa kuwa ni neno lisiloshikika wala kuchoreka. Ukame wa mwaka huo ulipokaza, jamaa zake walihama na ng'ombe kuelekea Bangale kabla shule haijafungwa, na Hawa akaenda na neno lake.

Tangu hapo kila darasa lilifika ukurasa ule likakwama. Walimu wenzake walimsihi aligawe upya.

"Nilishampa," alijibu. "Ng'ombe wa mtu akipotelea malishoni, mnampa jirani?"

Nasema kwa heshima zote: Baba alikuwa mkaidi. Lakini alimwambia Mama kwamba hamu yake ni moja tu, kusikia kitabu kile kikisomwa mpaka mwisho kabla hajafa.

Mama huyo ni Rosina, aliyemwoa tarehe 12 Desemba 1964, sikukuu ya Jamhuri, ili asije akasahau tarehe. Walijaliwa watoto watano. Mama hakwenda shule, naye hakuacha kumtania: "Watoto wa watu wote umewapa maneno. Mimi nina masufuria." Mafuriko ya Elnino yalipotufukuza tukahamia kambini, Novemba 1997, Baba alirudi nyumbani kwa mtumbwi kuokoa kitabu. Alikuja amelikumbatia sanduku la bati, ameloa mpaka kifuani. Kulifungua, ni leso za Mama tupu! Kitabu kilikuwa darini, ndani ya mfuko wa nailoni, alikokiweka mwenyewe. "Kumbe wanipenda, Baba Martin," Mama alimwambia, na kambi nzima ikacheka. Maji yalipopungua alikikuta kikavu.

Kifua chake hakikupona baada ya baridi ile. Agosti mwaka huu alilazwa hospitali hapa Ngao, akawa anauliza habari za Hawa kila siku. Nilituma ujumbe kwa wafanyabiashara wa ng'ombe waendao Bangale. Siku kumi na moja baadaye, Jumatano tarehe 16 Septemba, Hawa aliteremka kutoka lori la mifugo, vumbi mpaka kwenye kope.

"Umechelewa," Baba alimwambia.

"Mwalimu, mimi nilikuwa malisho. Lakini neno iko. Sikupoteza."

Nilisoma ukurasa wa mwisho, nikafika pale, nikanyamaza. Hawa alisimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Nevertheless," alisema. "Mvua imekataa. Ng'ombe imekufa, baba yangu pia amekufa. Nevertheless, asubuhi naamka, nakamua ile moja imebaki."

Nikaendelea mpaka nukta ya mwisho. Baba alitabasamu, sisi tulilia, hata muuguzi. Kisha akasema, "Haya, mrithishe."

Hawa alitazama huku na huku. Hapakuwa na darasa. Baba akamwonyesha Mama kwa kidevu. "Mama Martin hana neno."

Hawa aliinama, akamnong'oneza Mama sikioni.

Baba alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 17 Septemba 1998, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini. Ameacha mjane wake Rosina, watoto wake Martin, mimi Priscilla, Pauline, Alice na Jairus mdogo, wajukuu tisa, na wenye maneno wa miaka ishirini na miwili, ambao nawaona mmejaa hapa, wa mtoni na wa malishoni.

Leo asubuhi nilimwomba Mama aje akae kwangu Garsen, maana shamba la mtoni lilifunikwa na mchanga na nyumba imekuwa kubwa kwa mtu mmoja. Alijifunga leso yake, akalitafuta lile neno polepole.

"Mume sina. Shamba ni mchanga," alisema. "Nevertheless, Jumatatu nalima."

Mungu akupe pumziko jema, Mwalimu. Neno lina mwenyewe.