Mama Séraphine Mukabalisa na Mafuta Yake ya Jua (1946–1992)

Ndugu katika Kristu, asanti kwa kuamuka mapema hivi. Sababu ya kumuzika mudogo wangu Séraphine asubuhi sana mutaisikia hapa mwisho.

Séraphine Mukabalisa alizaliwa Mushaki, katika Masisi, tarehe 14 Aprili 1946, binti wa muzee Nsanzimana, mufugaji wa ng'ombe. Alizaliwa na ngozi isiyo na rangi, ile tunaita nyamweru. Majirani walimwambia mama yetu kwamba jua litamumaliza mbele ya komunyo ya kwanza. Mama akajibu, "Mungu ndiye aliumba vyote viwili, jua na huyu."

Alisoma shule ya primaire palepale Mushaki, akikaa mbele kabisa sababu macho yake hayakuona mbali. Mwaka wa tano aliacha, kwa kuwa jua la njia ya kwenda masomo lilimuchoma mpaka vidonda. Akafungiwa nyumbani, na hilo hakulipenda hata kidogo. Alitaka kutoka muchana, afanye biashara kama wanawake wengine.

Mwaka 1964 alikuja kwangu mutaa wa Majengo, mimi dada yake mukubwa. Masœur Annonciata, mutawa aliyetunza wagonjwa kwenye dispensaire, akamupa tube ya mafuta ya jua iliyotoka Ulaya. Akamufundisha, "Mafuta hii haifukuze jua. Inaingia kwa ngozi, inameza ukali wa jua, halafu inachoka. Ujipake, ungoje, ndipo utoke. Saa sita ujipake tena." Basi Séraphine alijipaka, akasali rozari nzima, ndipo akatoka. Hivyo ndivyo aliuza fromage, ile jibini ya Masisi, kwenye njia ya Sake, karibu na ziwa Lac Vert, maisha yake yote yaliyobaki, na kofia yake kubwa kichwani.

Tarehe 19 Agosti 1967 aliolewa na papa Ferdinand Ndayambaje, chauffeur wa gari. Asubuhi ile alikuwa amejipaka vizuri, lakini mashangazi, kwa desturi yetu ya wafugaji, wakamupangusa mafuta ile, wakamupaka siagi ya ng'ombe ili ang'ae. Tukaenda kanisani kwa miguu. Kurudi, shingo ilikuwa nyekundu kama tomate. Ferdinand akawaambia, "Mashangazi, niliomba bibi. Hamukuniambia munamukaanga kwanza." Séraphine ndiye alicheka kushinda wote.

Mwaka 1988 kidonda kilitoka juu ya sikio. Munganga akakikata, kikapona. "Masikio niliyasahau," alituambia, na tangu hapo ndiyo aliyapaka kwanza.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mapafu yalimushika. Alipokea sakramenti, akatuaga kwa utulivu tarehe 6 Machi 1992, akiwa amemuona mujukuu. Haikuwa jua lililomuchukua.

Anaacha bwana yake Ferdinand, watoto Lucie na Rémy, mujukuu mumoja, nami Donatille.

Karibu na mwisho alimwambia Lucie, "Munizike asubuhi."

"Mama, ungali unaogopa jua?"

"Mimi nitakuwa chini. Ni ninyi hamuna mafuta."

Basi tumefanya alivyosema. Bwana amupe pumziko la amani, katika mwangaza usiochoma.