Mwalimu Jane Soipan Leshan, Aliyependa Kusindikiza Wageni

Mwalimu Jane Soipan alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 huko Kisaju, binti wa tatu wa marehemu Mzee Parmuat. Kwao mgeni hakuachwa aondoke peke yake. Alisindikizwa hadi barabarani, na mazungumzo matamu yalikuwa hayo ya njiani. Akiwa mdogo, Jane aliwahi kumsindikiza shangazi yake mpaka akafika naye kwake, ikabidi shangazi amrudishe nyumbani.

Alisoma shule ya msingi Kisaju na sekondari mjini Kajiado, kisha akasomea ualimu. Tangu 1984 hadi alipostaafu 2021 alifundisha darasa la kwanza Kitengela, na aliketi kwa nadra sana. Alisema ukiketi mbele ya watoto wa darasa la kwanza watakupanda kichwani.

Tarehe 13 Desemba 1986 aliolewa na Samuel Leshan, karani wa mahakama mjini Kajiado. Walijaliwa binti mmoja, Cindy. Bwana Leshan alifariki mwaka 2016, na Cindy akapata kazi Doha. Nyumba ya Kitengela ikabaki na sauti ya redio tu, na upweke ulimuumiza Jane sana.

Mwaka 2019 kisigino cha kulia kilianza kumchoma kila alipokanyaga sakafu asubuhi. Alikikanda kwa chupa ya barafu, akabadilisha viatu, akachomwa sindano, lakini maumivu yalimng'ang'ania. Aliona kisigino ni kitu kidogo mno cha kusumbulia watu, kwa hivyo hakumwambia mtu. Akawa anaagana na wageni mlangoni na kugeuka upesi, wasimwone akichechemea. Akina mama wa kanisa wakasema Mwalimu siku hizi ana maringo. Mmoja mmoja wakaacha kuja, naye akadhani wamemsahau.

Januari 2024 daktari wa mifupa alimweleza kwamba utando unaoshika unyayo pale kisiginoni umekakamaa, na unaweza kulegezwa kupitia tundu dogo kwa kutumia kamera nyembamba, bila kuupasua mguu sana. Alimwonya pia kwamba si kila mtu hupona kabisa. Jane hakuuliza habari za kovu. Aliuliza, "Nitaweza kusindikiza mtu hadi steji?"

Alifanyiwa upasuaji asubuhi, akarudi nyumbani jioni. Ilichukua miezi, lakini maumivu yaliisha.

Mtu wa kwanza ambaye Jane alimpigia simu alikuwa Muthoki, aliyefundisha naye, naye akaja kumtembelea. Walipomaliza chai, Jane alivaa viatu kabla ya mgeni wake. Njiani Muthoki akamwambia, "Tulidhani umetuchoka, Mwalimu. Ulikuwa unafunga mlango kabla hata tufike kwa geti."

"Ilikuwa ni kisigino," Jane akajibu.

Muthoki alisimama pale pale akalia. Gari lilipofika steji, Jane alimshika mkono. "Wacha hiyo iende," akasema. "Ingine inakuja." Waliyaacha magari kadhaa yakaenda. Marafiki wengine aliwapigia pia, na wote waliahidi kwamba wangekuja.

Tarehe 2 Juni 2025 alilazwa hospitalini Kajiado kwa nimonia. Muda wa kuwaona wagonjwa ulipokwisha na Muthoki akainuka, Jane alishusha miguu akaanza kutafuta ndara chini ya kitanda. Muuguzi akamrudisha kwa upole. Alifariki asubuhi ya tarehe 5 Juni.

Ameacha binti yake Cindy, aliyefika jana kutoka Doha; mjukuu wake Whitney; kaka yake Katoo; rafiki yake Muthoki; na majirani na waumini waliojaa boma hili leo, ambao wengi wao hawakuwa wameingia kwake tangu mwaka ule wa 2019. Angefurahi sana kuwaona.

Mungu amkaribishe kwake, ampe amani, na amketishe katikati ya watu.